Majibu ya kipande kilichokatwa utumboni yakitoka, muulize daktari haya

Huku ziwani, mtu akiona damu kwenye choo kikubwa anaambiwa ni kichocho. Kichocho cha tumbo tunacho kweli. Mdogo wangu, mvuvi wa Ukerewe, alipewa dawa zake, kisha akapewa za amiba, kumbe ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Ukimaliza dozi na damu ikarudi, au uzito ukashuka, omba rufaa upimwe utumbo mpana kwa kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, hata kama bado kijana. Saratani iliyompata huwakuta vijana zaidi kuliko ile ya kawaida.

Ni ya seli za pete: seli inajaa ute, kiini kinasukumwa pembeni, na kwenye darubini inaonekana kama pete ya muhuri. Katika wagonjwa 100 wa saratani ya utumbo mpana, huipata kama mmoja tu. Jina hilo hutolewa seli hizo zikizidi nusu ya uvimbe, kwa hiyo uliza ni asilimia ngapi.

Linaloamua zaidi urefu wa maisha ni hatua ya ugonjwa. Hii hutambaa ndani ya ukuta wa utumbo, ikaingia kwenye tezi za limfu na utando wa tumbo, kwa hiyo wengi hugundulika wamechelewa. Kabla ya upasuaji uliza: siti skani imeonyesha maji tumboni? Utando umeguswa? Uvimbe wote unaweza kutoka?

Baada ya upasuaji sisi ndugu tulikabidhiwa kopo lenye kipande kilichokatwa tulipeleke maabara. Likifika mikononi mwako, soma jina lililobandikwa, hakikisha fomalini, ile dawa ya kukihifadhi, imefunika kipande chote, na usililaze nyumbani. Tafadhali sana, kipande kikiharibika hakuna kingine.

Majibu yakija, omba nakala yako na daktari akusomee kwa Kiswahili. Kingo za kipande ni safi, hazina saratani? Tezi ngapi zimepimwa, ngapi zina saratani? Zinatakiwa angalau 12. Zikiwa chache, saratani iliyojificha inaweza isionekane na mgonjwa akanyimwa kemotherapia, yaani dawa za kuua seli za saratani, anayoihitaji. Mwombe mtaalamu arudie kutafuta kwenye kile kipande, kama bado kimehifadhiwa.

Mwisho uliza kipimo cha protini zinazorekebisha DNA. Zikikosekana, kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili zinazoweza kusaidia, na huenda tatizo ni la ukoo. Hapo ndugu wa tumbo moja nao waonwe na daktari, hata wasioumwa.