Kulea begonia ya msituni hapa Tanga bila kuichemsha

Maelezo mengi utakayokutana nayo kuhusu begonia za mwituni yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ndo maana yanaanza na hita, taa za kuoteshea na chombo cha kioo kilichofungwa kabisa ili joto lisitoke. Sasa wewe uko Ngamiani au Makorora, mwezi wa pili, nyumba ya bati, ukifuata hivohivo mmea unaiva humo ndani. Kwetu joto lipo tena limezidi, unyevu upo, kazi inayobaki ni kivuli, hewa na maji yasiyo na chokaa.

Ninayoongelea hapa ni Begonia prismatocarpa. Sio zile begonia za maua mekundu na pinki zinazouzwa na wauza miche barabarani, zile ni machotara, zinavumilia mengi. Hii kwao ni misitu ya mvua ya huko Bioko na Kameruni, inatambaa chini kwenye mawe na magogo yenye majimaji, vijani vidogo, haifiki hata urefu wa kiganja, alafu inatoa maua ya njano yenye michirizi ya machungwa mekundu. Begonia za njano sio nyingi, na hii inaweza kuchanua karibu mwaka mzima ikipata raha yake.

Kuhusu kuipata niseme mapema. Ukiagiza mmea nje ya nchi unatakiwa uwe na kibali cha kuingiza, wahusika ni TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea, na kule unakonunua wakupe cheti kuwa mmea ni mzima hauna magonjwa. Usiupitishe kwenye begi la nguo kimyakimya. Njia rahisi ni kupata kipande kwa mtu ambaye tayari anao, jani moja tu linatosha utaona huko chini. Na tafadhali usipande Amani kwenda kung'oa begonia za Usambara ukadhani ni njia ya mkato, ile ni hifadhi ya mazingira asilia, na vitu vingine mle ndani havipo kwingine popote duniani. Ukitaka mkono uzoee kwanza nunua Saintpaulia ya dukani, ile wazungu wanaiita violeti ya Afrika, asili yake ni huku huku kwetu, baron mmoja wa Kijerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya enzi hizo, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao kwenye 1892 na sa hivi inauzwa dunia nzima. Matunzo yake yanakaribiana sana na haya.

Haya, chombo. Lile kopo kubwa la pipi la plastiki linaloona ndani, kwa Mangi anakuuzia bei poa au anakupa bure, linafaa kabisa. Toboa matundu chini kwa msumari wa moto. Kokoto weka kidogo ukipenda lakini kokoto bila tundu hazisaidii kitu, maji yanatuama tu pale. Mfuniko usiukaze, uegeshe upande, na masika hewa ikiwa nzito unaweza kuutoa kabisa. Kipindi cha kaskazi au kama chumba kina feni au AC ndo unaufunika zaidi, maana feni inakausha hii kitu haraka kuliko jua, jani linaanza kujikunja pembeni kama karatasi. Ukiona kopo limejaa matone ndani asubuhi mpaka jioni ujue halipumui, lifungue.

Udongo wa shambani usiweke, unashikamana na mizizi yake ni myembamba sana. Tumia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, Tanga hii hatuna shida nayo, ila yaloweke usiku kucha ukamue na umwage maji, urudie mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu makumbi huwa na chumvi hasa yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba. Changanya makumbi mafungu mawili, mkaa uliopondwa saizi ya punje za mahindi fungu moja, na majani yaliyooza ya chini ya mwembe fungu moja. Mchanga wa baharini hapana kabisa. Mwagia maji ya moto mchanganyiko wote uue mayai ya konokono na vijidudu, acha upoe na uchuruzike, ukiukamata mkononi na kuubana usitoe zaidi ya tone moja mawili.

Kwenye maji ndo watu wengi wa hapa wanapigwa bila kujua. Sehemu kubwa ya Tanga imekalia mawe ya chokaa, yale mapango ya Amboni unayopeleka wageni ndo mawe yenyewe, kwa hiyo maji ya kisima mara nyingi ni magumu, yanaacha utando mweupe kwenye birika na kwenye udongo pia, taratibu majani yanapauka njano wakati mishipa bado kijani na mtu anaongeza mbolea akidhani ni njaa. Kinga maji ya mvua. Ile mvua ya kwanza iache ioshe bati kwanza (mavumbi, mavi ya ndege, chumvi ya upepo wa bahari) alafu ndo ukinge, jaza madumu yakae kivulini, mmea wenyewe unakunywa kidogo sana madumu mawili yanaweza kukuvusha kiangazi. Mwagilia udongo, sio majani, na usubiri juu pakauke kidogo kwanza. Mbolea ya maji robo ya kipimo cha kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi, basi.

Pa kuweka: mahali unapoweza kusoma gazeti mchana bila kuwasha taa ila jua lenyewe haligusi kopo. Jua la dakika chache kwenye kopo lililofungwa linatosha kuua. Baraza yenye kivuli au dirisha la bafuni panafaa, juu ya friji hapafai, panatoa joto. Vikonyo vikirefuka sana ujue giza, majani yakipauka au kuungua kingo ujue mwanga umezidi.

Kuzalisha ndo kutamu. Kata jani zima na kikonyo chake kama sentimita moja au mbili, wembe mpya uliofutwa na spiriti, chomeka kikonyo kwa kulaza kwenye mchanganyiko uleule wa makumbi, funika. Mizizi inatoka kwenye wiki tatu hivi, vitoto vinachungulia baadaye, mwezi na nusu au miwili, usichokonoe kuangalia. Mbegu nazo zinawezekana: begonia ina maua dume na maua jike mbalimbali kwenye mmea mmoja, jike unalijua kwa kile kifuko nyuma ya petali (hii ina petali mbili tu kila ua), unachuma dume lenye unga unalisugua taratibu kwenye jike. Mbegu ni vumbi kabisa, zimwage juu ya udongo usizifukie zinataka mwanga, na usipige chafya.

Magonjwa makubwa ni kuoza, kwa hiyo ua lililokauka na jani lililokufa litoe siku hiyohiyo kabla halijaoteshea ukungu majirani zake. Ukiona unga mweupe juu ya majani ongeza hewa, punguza maji. Vile vidudu vyeupe kama pamba vinaletwa na sisimizi, vifute na pamba ya masikio yenye spiriti, alafu weka kopo juu ya sahani yenye maji sisimizi wasivuke, hayo maji yabadilishe kila siku mbili tatu usije ukafuga mbu.

Na kipande kikifika kwako kimelegea kutoka safari usikimwagilie kwa huruma, kikate majani makubwa ubakishe mawili matatu, kipande kwenye makumbi yenye unyevu, funika wiki moja kivulini kisha anza kuegesha mfuniko kidogo kidogo kila siku mpaka kizoee hewa ya nyumba.