SOMO: Kununua chakula kwa mwezi wake na kwa kilo (Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe)

Wapendwa, habari za majukumu. Wengi mmeniambia hela ya matumizi siku hizi haifiki mwisho wa wiki, na kila mkirudi sokoni bei imeshasogea. Somo hili ni la sokoni, stoo na jikoni, na nimeliandika kwa watu wa nyanda za juu kusini kwa sababu sisi tunaishi ndani ya ghala la nchi. Mahindi ya Mbozi, mchele wa Kyela na Usangu, viazi vya Umalila na Makete, ndizi za Tukuyu, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na nyanya za Ilula vinapita mlangoni kwetu kwenda kulisha wengine. Sisi tunaumizwa zaidi na mambo mawili: tunanunua mwezi usio wake, na tunanunua kwa kipimo kidogo mno.

Yapo yasiyo mikononi mwetu. Indonesia ilipozuia kuuza nje mafuta ya mawese kati ya Aprili na Mei 2022, soko la mafuta ya kula lilitikisika dunia nzima. Mwanzoni mwa 2024 mvua kubwa zilikwamisha viwanda vya sukari na sukari ikaadimika madukani. Hapo huna la kufanya zaidi ya kupunguza kijiko. Nguvu tuzipeleke kwenye vinavyolimwa hapa hapa.

Hatua ya 1: Pima mnachokula

Kabla ya kwenda sokoni, fahamu nyumba yako inakula kiasi gani. Chukua wiki moja ya kawaida, isiyo na wageni wala msiba, pima unga kabla ya kusonga, pima mchele kabla ya kuosha, andika. Familia ya watu sita wanaokula ugali kila siku, tuchukulie kilo moja na nusu za unga kwa siku. Hiyo ni kilo 45 kwa mwezi. Bila namba hii hatua zinazofuata zitakuwa za kubahatisha.

Hatua ya 2: Nunua mapema chakula cha miezi minne ya ghali

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mahindi yanavunwa kuanzia Mei, na yale ya sehemu za baridi huchelewa hadi Julai na Agosti. Mpunga wa Kyela na Mbarali nao unaingia miezi hiyo hiyo. Kwa kawaida bei huwa chini Juni hadi Agosti, halafu hupanda taratibu, na ikifika Desemba hadi Machi ndipo inapouma. Ghala za wakulima zimekwisha, wao wenyewe wameanza kununua, na Januari ina ada na sare za shule.

Watu wakisikia "weka akiba" wanafikiria gunia nane, wanakata tamaa hapo hapo. Usilenge mwaka mzima. Lenga ile miezi minne tu, Desemba hadi Machi. Kwa familia yetu ya mfano ni kilo 180 za unga. Ukisaga dona, gunia la kilo 100 linakupa karibu kilo 95, kwa hiyo gunia mbili zinatosha. Ukikoboa sembe unabaki na kama kilo 75 kwa gunia, utahitaji gunia mbili na nusu. Nunua gunia la kwanza Juni au Julai, la pili Agosti. Miezi mingine endelea kununua kama kawaida, bei haitakuvunja mgongo.

Na ukikoboa, pumba ni zako. Usiziache mashineni, maana wafuga kuku na nguruwe wanazitafuta.

Hatua ya 3: Kilo, siyo kopo

Hapa ndipo hela inapovuja kila siku bila kuonekana. Simama pale Mwanjelwa au Soko Kuu Iringa uangalie sado (kile kindoo cha kupimia) la maharage linavyojazwa. Kuna sado lililobonyezwa kitako kwa ndani. Kuna linalomiminwa taratibu ili punje zilale ovyo na kuacha nafasi. Kuna muuzaji anayepanga mlima mzuri juu wakati chini pana shimo. Vivyo hivyo kwa debe: debe sita zinahesabiwa gunia, lakini debe la mfuto (lililosawazishwa juu) na debe la mlima hazilingani hata kidogo. Wawili wanaweza kukutajia bei moja, mmoja akawa ghali kuliko mwenzake na wewe usijue.

Dawa yake ni mizani. Mzani mdogo wa kuning'iniza unaingia kwenye mkoba. Nunua sado lako moja, lipime, gawa bei kwa kilo, kisha fanya hivyo kwa muuzaji wa pili. Baada ya hapo utajua pa kwenda. Ukipimiwa kwa mzani wa muuzaji, tazama kama una stika ya Wakala wa Vipimo, na hakikisha mshale uko kwenye sifuri kabla mzigo haujawekwa. Sema kwa adabu, "Kaka, naomba turudishe sifuri kwanza." Muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Mafuta ya mia tano, sukari robo, majani ya chai ya mia mia: vipimo hivi ndivyo vya ghali kuliko vyote dukani. Mwenye kipato cha siku ndiye anayelipa zaidi kwa lita ile ile, na jambo hili linaniuma sana. Kama huwezi kununua lita tano peke yako, ruka hadi hatua ya tano.

Hatua ya 4: Kausha, kagua, funga

Kuna watu wananunua gunia zuri Julai, wakifungua Desemba wanakuta unga wa dumuzi. Huyu ndiye mdudu ambaye wakulima wanamwita Scania. Hatua hii isomeni polepole.

Kwanza ukavu. Mahindi mabichi yakifungwa yanaota ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo si jambo la kupuuza. Kipimo cha nyumbani ni hiki: chukua chupa ya kioo kavu kabisa yenye kifuniko, weka mahindi hadi kama theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka. Funga, tikisa dakika chache, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado. Ikishuka chini yote, yako tayari. Kama bado, anika juu ya turubai, usianike chini kwenye udongo. Jua letu la Juni hadi Agosti linatosha, ila anua mapema kabla ubaridi wa jioni haujarudisha unyevu.

Pili, chambua. Punje nyeusi, zenye ukungu au zilizosinyaa zitoe kwa mkono. Usizipeleke mashineni, na kuku nao usiwape.

Tatu, mfuko. Tumia ile mifuko ya tabaka tatu inayojulikana kama kinga njaa: miwili ya nailoni ndani, mmoja wa sandarusi nje. Haina dawa yoyote. Wadudu wanakufa kwa kukosa hewa, ndiyo maana tundu dogo tu linaharibu kazi yote. Kabla ya kujaza, puliza hewa ndani ya mfuko wa nailoni, ukunje mdomo, ubonyeze na usikilize kama inavuja. Jaza, shindilia hewa itoke, sokota shingo ya mfuko wa ndani mpaka ikaze, ikunje, ifunge kwa kamba. Rudia kwa wa pili, halafu wa nje. Usiifunge yote mitatu kwa kamba moja. Weka juu ya mbao au matofali, mbali kidogo na ukuta, na uwaangalie panya. Usifungue wiki za mwanzo kwa ajili ya kuchungulia.

Maharage yanahifadhiwa vivyo hivyo. Mchele, mimi nashauri kununua mpunga kama una nafasi: unakaa vizuri zaidi kuliko mchele, na unakoboa kidogo kidogo. Kilo 100 za mpunga hutoa mchele kama kilo 60 hadi 65, kwa hiyo piga hesabu hiyo kabla ya kufurahia bei. Viazi weka gizani penye hewa, usivichanganye na vitunguu, na vilivyogeuka kijani usile.

Hatua ya 5: Mnunue pamoja

Nyumba nne au tano zinatosha, wengi zaidi inakuwa vurugu. Mchague mmoja wa kwenda, mkodi kirikuu moja (kigari kidogo cha mizigo) kwenda Igurusi kwa mchele au Mbalizi kwa viazi, mgawane kwa mzani mbele ya wote siku hiyo hiyo. Hela ikusanywe kabla ya safari. Dumu la mafuta la lita 20, mkiwa nyumba nne, mnagawana lita tano tano.

Hatua ya 6: Jikoni

Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kuloweka yamwagwe. Yanaiva haraka, na mkaa unaookoa ni hela halisi. Makande ya mahindi na maharage yaheshimiwe, yanashibisha na yanajenga mwili. Chenga za mchele zina bei nafuu na zinafaa kwa uji na vitumbua. Mboga panda mwenyewe, hata kwenye gunia la udongo nyuma ya nyumba: chainizi, mnafu, figiri.

Ombi langu kwenu ni moja. Mkibana matumizi, msibane dagaa, karanga, mayai na maharage ya watoto. Baneni soda, maandazi ya kununua na nyama ya wakubwa kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Mafinga: Kamwene dada. Watoto wangu hawataki dona kabisa, wanasema ni chungu. Nifanyeje?

Kamwene mama. Uchungu huo mara nyingi ni unga uliokaa. Dona ina kiini chenye mafuta, na mafuta hayo huchacha. Saga ya wiki mbili au tatu tu, mahindi mengine yabaki mfukoni. Anza kwa kuchanganya nusu dona nusu sembe, na mwambie fundi wa mashine aweke chekeche la matundu madogo. Na ile kazi ya kuchambua usiiruke, maana kwenye dona kila kilichomo kwenye punje mnakila.

Mwanafunzi, Iyunga: Shikamoo mama. Mimi naishi geto, sina stoo wala hela ya gunia. Somo hili linanihusu?

Marahaba mwanangu. Linakuhusu sana. Tafuta wenzako watatu mnunue gunia moja la mahindi mgawane, kilo 25 zinakaa chini ya kitanda. Maharage chemsha mara moja ya siku tatu, yakiwa na chumvi tu. Kila siku chota ya siku hiyo, unge kwa kitunguu na nyanya, yaliyobaki yachemshe asubuhi na jioni na uyafunike. Ukiunga sufuria zima siku ya kwanza yatachacha haraka, hata kwa baridi ya Mbeya.

Kaka wa Tunduma: Lumbesa si inatusaidia sisi wanunuzi? Gunia linakuwa kubwa kwa bei ile ile.

Hapana kaka. Kwanza kisheria gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Pili, anayefaidi ni wa katikati. Mkulima wa viazi analipwa gunia moja kwa mzigo wa moja na nusu, wewe unakuja kuuziwa kwa sado. Mkulima akichoka kuonewa anaacha kulima viazi, na mwaka unaofuata bei utaiona mwenyewe. Dai kilo.

Dada wa Tukuyu: Ndaga kwa somo. Huku kwetu ndizi na parachichi tele, lakini wageni wakija lazima wali. Mchele unanimaliza.

Ndaga dada. Mgeni akikaribishwa mbalaga (ndizi za kupika) na maharage, kavimbiwa. Wali uwe wa Jumapili. Parachichi paka kwenye mkate badala ya siagi, na mtoto mdogo mpondee kwenye uji. Na kama una ndugu Kyela, panga naye mpunga mwezi wa sita kwa kubadilishana na ndizi au maharage ya huko juu.

Baba wa Ilula: Nyanya sisi tunalima, lakini kuna wakati tenga linatupwa na wakati mwingine hatuna hata za kuungia.

Wakati wa kutupwa ndio wa kukausha, mzee wangu. Chagua zilizoiva ngumu, kata vipande vyembamba, nyunyiza chumvi kidogo, anika juu ya wavu safi na ufunike kwa chandarua nzi wasitue. Zikikauka hadi kukatika, weka kwenye chupa kavu. Masika unaziloweka kwenye maji ya moto unaungia.

Mama wa Uyole: Kikundi chetu kinatoa mikopo. Nikope ninunue gunia tano Julai?

Piga hesabu kwanza mama. Tuseme riba ni asilimia 5 kwa mwezi na utarejesha baada ya miezi sita: hiyo ni asilimia 30. Kama gunia ni 70,000, mkopo umelifanya 91,000 kabla ya mfuko na usafiri. Bei isipopanda kupita hapo umepata hasara, na kuna miaka mavuno yakiwa mazuri haipandi hivyo. Kwa chakula cha nyumbani mimi sishauri mkopo wa riba. Wekeni kibubu kuanzia Machi, kila mmoja kidogo kidogo, kivunjwe Juni. Mkipata hela ya gunia moja tu, nunueni hilo moja, mlifunge vizuri, msilifungue hadi Januari.