Kabla hujachomeka chaja kwenye kishikwambi kipya

Boksi likishafunguliwa, mkono huenda wenyewe kwenye soketi. Hebu tulia kwanza.

Muuzaji atakwambia ukichaji saa 8 mfululizo kabla ya kukiwasha. Mwitikie, muage vizuri, kisha usimsikilize. Hayo yalikuwa ya betri za nikeli. Vishikwambi vya siku hizi vina betri ya lithiamu, hutoka kiwandani na chaji kiasi, na betri ikijaa chenyewe hukata. Kiwashe, kitumie, kichaji unapopata nafasi.

Soma maandishi madogo kwenye chaja. Iliyoandikwa 5V 1A, yaani volti 5 na ampea 1, ni ya simu ndogo. Betri ya mAh 7,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) itaichukua zaidi ya saa 5 kuijaza, na ukiwa unatazama video asilimia zinaweza kushuka huku imechomekwa. Tafuta ya 2A au ile kilichokuja nayo. Chaja nyepesi kama ganda la yai, inayochemka baada ya dakika 10, itupe.

Soketi iliyolegea, hapana. Juu ya godoro au chini ya mto, hapana kabisa. Umeme ukikatika chomoa, ukirudi uache utulie kwanza.

Sasa hili la kukihifadhi, ambalo muuzaji hakunigusia hata kwa bahati mbaya. Nilinunua kishikwambi mwezi wa tatu, kilikuwa kimeshuka bei, nikakificha kabatini katikati ya khanga. Kilikuwa zawadi ya mwanangu akimaliza kidato cha nne; sikutaka azame kwenye magemu kabla ya mtihani. Ila mimi mwenyewe nilikichezea jioni mbili, mpaka kikazima kwa kuishiwa chaji. Nikakirudisha kwenye boksi hivyohivyo, na nailoni yake nikaibandika vizuri asijue mtu.

Matokeo yalitoka Januari. Nyumba nzima imekusanyika sebuleni, mtoto anabonyeza, kimya. Tukakilaza kwenye chaja usiku kucha, asubuhi kimya vilevile. Fundi wa Kariakoo akakifungua, akaweka mita kwenye betri, ikasoma volti 1.8. Akanieleza kwamba betri hiyo ikijaa inafika kama volti 4.2, na ikikaribia 3 kishikwambi hujizima ili kuilinda. Ukiiacha hapo miezi kumi, kile kidogo kilichobaki nacho kinavuja polepole, mpaka saketi ya ulinzi inafunga mlango na chaja haipokelewi tena.

Hapo ningekubali yaishe. Badala yake nikambembeleza aishtue, yaani aipe umeme moja kwa moja bila kupitia saketi ya ulinzi. Akasema haishauriwi, nikambembeleza tena. Akaishtua, chaji ikapanda, nikarudi nyumbani nacheka. Wiki ya tatu kioo kikaanza kubanduka upande mmoja: betri imevimba. Betri iliyoshuka kiasi kile huharibika ndani, na kuilazimisha ni kuchezea moto, moto wa kweli. Ukiona uvimbe, usichaji, usibonyeze, usitoboe. Kizime, kiweke mbali na vitu vinavyoshika moto, mpelekee fundi. Dukani nako garantii ilikuwa haijaisha, ila walipoona kimeshafunguliwa mtaani hata risiti hawakuiangalia. Mwanangu alinipa pole. Iliniuma zaidi kuliko angenuna.

Kwa hiyo ukinunua cha kuweka, kichaji mpaka nusu, asilimia 50 hivi, kizime kabisa, na kila baada ya miezi miwili mitatu kitoe ukitazame. Usikiweke kikiwa sifuri. Hata kukiweka kimejaa pomoni hakufai, betri inachoka bure. Tena mahali pa baridi kidogo. Juu ya friji au chini ya bati pana joto, si mahali.

Kwa matumizi ya kila siku, usingoje kizime ndipo ukimbilie chaja. Kikifika asilimia 20 chomeka, kikipita 80 unaweza kuchomoa. Kikipata joto kivue kava. Kikilowa mvua, kisiguse umeme mpaka kikauke, na tundu la chaja pia. Usikiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Watoto wasitafune waya. Ukienda kijijini, usikichomeke moja kwa moja kwenye paneli ya sola isiyo na kidhibiti cha umeme, na kwenye vibanda vya kuchajisha kaa nacho hapohapo, maana chaja zenyewe zimebadilishanwa na kijiji kizima.