Namna ya kumuwekea mtu Linux asikununie

Wadau, hii sio ya kukufundisha wewe kutumia Linux, ule mfumo wa bure wa kompyuta unaokaa badala ya Windows, we utajifunza mwenyewe kwa kuharibu vitu kama sisi wote. Hii ni ya siku ile unataka kumuwekea mtu mwingine, mama, shemeji, shangazi mwenye steshenari, mtu ambaye kompyuta kwake ni kama jiko, anataka liwake apike basi. Mi nilimuwekea shangazi yangu hapa Soweto Mbeya, na mara ya kwanza nilichemka vibaya, alinipigia simu wateja wamejaa dukani, "we mtoto, umeniwekea madudu gani humu?", jioni ile ile nikampigia Windows upya kichwa chini. Mara ya pili ikakaa na mpaka leo ipo.

Kwanza usiende na stori za uhuru wa programu. Ni kweli Linus Torvalds alianza keneli yake, kile kiini cha mfumo, 1991 akiwa mwanafunzi kule Finland, ni kweli Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, ya kwanza ilitoka 2004 na aliyeianzisha ni Msauzi, Mark Shuttleworth, yote hayo matamu tukiwa sisi kwa sisi, ila shangazi ana foleni ya wanafunzi wa MUST, kile chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, wanataka kuprinti ripoti za field na hana habari na Finland. Ongea shida zake. Za shangazi zilikuwa tatu, mashine nzito hadi unawasha unaenda kuchemsha chai unarudi bado inazunguka, Windows 10 imeacha kupewa apdeti za kawaida za usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haimkubali kwa sababu ile laptop ni Intel jenereshen ya 3 na wenyewe wanataka kuanzia ya 8 pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama, halafu flashi za wateja, tutazifikia.

Sasa kabla hujagusa kitu nenda ukakae dukani kwake nusu siku, beba hata daftari. Mara ya kwanza sikufanya hivi na ndo kosa lililozaa mengine yote. Mi nilidhani steshenari ni Word na printa, kumbe nusu ya kazi inaingilia WhatsApp, mteja anatuma PDF kwa simu, shangazi anaifungua kwenye kompyuta, anaprinti, anachukua hela. Kuna kuskani vyeti, kuna watu wanaoomba kazi za serikali Ajira Portal na mikopo ya chuo ya HESLB, kuna picha za pasipoti. Andika kila kitu afu jiulize kipi hakiwezekani. Kama mtu anaishi kwa AutoCAD au Photoshop, simama hapo hapo usimsumbue, hizo hazina toleo la Linux, na ukianza kumwambia sijui kuna Wine ya kuendeshea programu za Windows sijui kuna GIMP ya kuhariri picha wakati ana kazi ya watu ya kesho asubuhi unamtafutia ugomvi tu. Shangazi alikuwa na Photoshop ya picha za pasipoti, ya kukraki bila shaka, hilo sikulitatua kwa Linux na nisikudanganye, kuna desktop nzee ipo kona tukaiacha na Windows yake kwa ajili ya picha tu, haina hata intaneti.

Linux zipo aina nyingi, ipi ya kuweka? Mi nasema Linux Mint, na kama RAM ni GB 4 kushuka chini chukua ile ya Xfce, yenye muonekano mwepesi. Najua wenye Linux nyingine kama Fedora na Arch mtakuja juu. Sababu yangu ni moja, menyu ipo chini kushoto, saa ipo chini kulia, dirisha linafungwa kwa alama ya X juu kulia, mikono ya mtu inakuta vitu pale pale ilipovizoea. Mara ya kwanza nilimuwekea Ubuntu kawaida, nzuri sana machoni, ila ile baa ya pembeni na menyu inayofunika skrini nzima vilimmaliza, alikuwa akipunguza dirisha anadhani kazi ya mteja imefutika. Cinnamon, muonekano mwingine, nayo ni ya Mint na ni nzuri zaidi ya Xfce kwa sura, kwenye GB 4 inawaka fresh ila akishafungua Firefox tabu kumi inaanza kuhema.

Faili la Mint la kushusha ni karibu GB 3 kwa hiyo subiri bando la usiku, ukishamaliza kulishusha usikimbilie kuchoma flashi, mtandao wetu huu unakatika katikati na faili linaweza kuja bovu. Fungua ile skrini nyeusi ya Windows (Command Prompt) andika certutil -hashfile jina-la-faili SHA256, itatoa namba ndefu, uilinganishe na ile iliyopo kwenye tovuti ya Mint. Sio ushamba wa kujihami, mwaka 2016 wahuni waliingia kwenye tovuti yao wakabadilisha linki ya kushusha ikawapeleka watu kwenye faili lenye mlango wa nyuma wa kuingilia kompyuta yako, waliolinganisha namba na chanzo kinachoaminika ndo walishtuka. Afu tumia kiprogramu cha Rufus kulichoma kwenye flashi ya GB 8, itafuta kila kilichomo so usitumie flashi yenye picha za harusi ya mtu.

Chomeka, washa huku unabonyeza, HP nyingi ni Esc kisha F9, Dell F12, Lenovo F12, chagua flashi. Mint inawaka yenyewe kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hapa ndo watu wengi wanaruka haraka wakati ndo pa kukaa. Ukiwa hapo hapo jaribu waifai, sauti, kamera, mwanga wa skrini, na ZAIDI YA YOTE printa na skana yake, ziprinti kweli sio kuangalia kama jina limetokea. Printa za HP mara nyingi zinashika zenyewe maana draiva zake zinakuja na mfumo. Kuna leza ndogo ndogo za kampuni nyingine zinakutesa wiki nzima, afadhali ujue sasa hivi kuliko Jumatatu asubuhi. Waifai ikigoma usikate tamaa, chomeka simu kwa waya washa kushea intaneti kwa USB, itapata mtandao, afu fungua ile sehemu ya draiva itafute yenyewe inachokosa.

Sasa siri yangu kubwa, usifute Windows yake. Na wala sisemi uweke zote mbili kwenye diski moja, hiyo nayo ina mambo yake, akiwasha asubuhi anakutana na orodha ya kuchagua anapata presha. Nunua SSD, ile diski ya kasi, hata ndogo ya GB 240, fungua laptop, toa diski ya zamani, weka SSD, piga Mint humo. Umeua ndege wawili, laptop inakuwa nyepesi kweli kweli (nusu ya sifa watu wanayoipa Linux ni SSD, tuseme ukweli), na ile diski ya zamani ina Windows na mafaili yake yote kama ilivyokuwa. Mafaili yakopi kwa kutumia kile kikasha cha diski cha USB. Kuinstoli kwenyewe hakuna la kuhadithia, unachagua lugha, kibodi, saa za Dar es Salaam, jina, inaisha, ila betri iwe imejaa maana umeme huu hauagi.

Lugha niliacha Kingereza. Najua kuna kazi ilifanyika, 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na ilikuwa heshima kubwa, ila shangazi amejifunza kazi kwa kuona neno Save na Print, ukimletea "Hifadhi" anasimama anafikiri. Kila mtu na alipozoea.

Baada ya hapo kuna saa moja ya kupanga nyumba na hii saa ndo kila kitu. LibreOffice, ile inayokaa badala ya Word, yenyewe inahifadhi kwa odt, mteja akiibeba kwenda steshenari ya jirani haifunguki vizuri na lawama ni za shangazi, ingia kwenye mipangilio yake sehemu ya kuhifadhi ubadilishe iwe docx moja kwa moja. Kwenye menyu ya View kuna sehemu ya kubadili muonekano, weka ule wa tabu, unafanana na Word aliyoizoea. Fonti nazo, weka kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer upate Times New Roman na Arial zenyewe, na hakikisha Carlito ipo maana inakaa nafasi sawa na Calibri, bila hivyo CV ya ukurasa mmoja inakuwa ukurasa na mstari mmoja, na mteja halipii kurasa mbili. WhatsApp itengenezee ikoni yake pale mezani, Mint ina kiprogramu cha kugeuza tovuti iwe kama programu. Weka iwake bila kuuliza paswedi kama ni ya dukani. Mwisho washa Timeshift ipige picha ya mfumo wakati kila kitu kipo sawa, siku mambo yakiharibika unarudi hapo.

Na tafadhali usifungue terminali, ile skrini ya kuandika amri, mbele yake. Mi nilifungua, maandishi meupe kwenye giza yakaanza kushuka, akavuta kiti nyuma kabisa akaniuliza kama namwibia hela za M-Pesa.

Siku ya kwanza kaa naye, ila mikono yako mfukoni, aguse yeye. Shangazi alinuna mpaka saa nne hivi, afu akaja kijana na flashi yenye vile virusi vya shortcut, unajua vile vinavyoficha mafolda yote unabaki na vialama tu, kijana analia ripoti yake imepotea. Tukachomeka. Mafolda yote yapo yanaonekana, kwa sababu Linux haijali ile alama ya kuficha ya Windows na virusi vyenyewe havina pa kukimbilia humo. Shangazi akamprintia, akachukua hela yake, akanigeukia akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, siku nzima hakuniita tena madudu.

Ile diski ya zamani niliifunga kwenye bahasha ya kaki nikaandika WINDOWS YA SHANGAZI kwa makapeni, nikamwambia ukichoka niambie nairudisha kwa dakika kumi. Ipo kwenye droo chini ya rimu za karatasi.