Somo: Volkano ya mezani isiyomdanganya mtoto

Kila muhula wa miradi ya sayansi swali ni lile lile: "Mtoto kaambiwa atengeneze volkano, nitie magadi kiasi gani na siki kiasi gani?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena atapewa kiungo na salamu.

Magadi na siki ni mchezo mzuri, lakini hufundisha uongo. Mtoto huondoka akiamini kwamba ndani ya mlima kuna vitu viwili vinavyokutana na kufoka. Havipo. Mle mna magma, mwamba ulioyeyuka, na ndani ya magma mna mvuke wa maji, kaboni dioksidi na gesi za salfa zilizoyeyuka kama gesi ya soda iliyofungwa chupani. Huko chini uzito wa miamba huizuia gesi isijitenge. Magma ikipanda, uzito ule hupungua, viputo huzaliwa na kuvimba, na viputo hivyo ndivyo viisukumavyo nje kwa kishindo. Kwa hiyo tutatumia soda yenyewe.

Vifaa: chupa ya soda ya lita 2 isiyo na sukari (yenye sukari itanata na kuwaita siafu wa mtaa mzima), peremende 5 za minti zile za duara zenye ganda gumu na zinazotafunika, karatasi ngumu, kadi moja, kadibodi, magazeti, unga wa ngano, rangi, mirija miwili, bilauri mbili, uji mzito uliopoa.

1. Kunja kadibodi iwe umbo la pia (koni), wazi juu na chini, ya kuivika chupa kama kofia. Usiigandishe kwenye chupa, maana utabadilisha chupa kila jaribio.

2. Pika gundi: kikombe 1 cha unga, vikombe 4 vya maji, vijiko 2 vya chumvi, koroga mpaka ishike mwiko.

3. Bandika magazeti, tabaka moja kwa siku, juani. Hewa yetu ya pwani ina unyevu. Ukibandika matatu kwa mpigo, la ndani halikauki, na siku ya tatu mlima unanuka na kuota ukungu.

4. Paka rangi.

5. Kudondosha peremende. Hapa ndipo wengi huharibu, basi soma polepole. Ukizitia moja moja, ya kwanza huamsha povu, povu huziba shingo, zilizobaki humwagika nje na "mlipuko" unakuwa mate ya mtoto. Zote zinapaswa kuingia kwa pamoja. Kunja karatasi ngumu iwe bomba ambalo peremende zinateleza bila kukwama. Weka kadi juu ya mdomo wa chupa, simamisha bomba juu ya kadi, panga peremende ndani, kisha vuta kadi kwa mkupuo na urudi nyuma hatua tatu. Ganda la peremende lina vishimo vidogo visivyoonekana, na viputo huanzia humo. Ndani ya magma, chembe za fuwele zaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Soda iwe haijawahi kufunguliwa, wala isitoke kwenye friji, kwa sababu soda ya baridi hushika gesi yake na hairushi juu. Ifungue dakika ile ile, usiifungue nyumbani ukaibeba kwenye matatu hadi shule.

Tahadhari: fanyeni nje. Uso usiwe juu ya mdomo wa chupa. Na KAMWE usirudishe kifuniko baada ya kutia peremende, wala usifunge magadi na siki ndani ya chupa yoyote. Chupa hupasuka, na vipande havichagui jicho la nani.

6. Jaribio la uji. Watu huliruka, na ndilo lenye elimu zaidi. Bilauri moja tia maji, ya pili uji. Puliza kwa mrija taratibu. Kwenye maji viputo hupanda na kuondoka kwa amani. Kwenye uji kiputo hukwama, huvimba, uso unainuka kama kichuguu, kisha pwaa! uji uko ukutani. Magma ya Hawaii ni ya basalti, ina silika (ile ya mchanga na kioo) karibu nusu tu ya uzito wake, nayo hutoka na joto la nyuzi 1,100 hivi, laini. Gesi hujitoka na lava hutiririka. Magma yenye silika nyingi hunata kama uji, hufungia gesi yake mpaka presha ishinde: Mount St. Helens ya Marekani tarehe 18 Mei 1980, Pinatubo ya Ufilipino Juni 1991. Mwambie mtoto apulize, asivute.

7. Bango la vipimo. Sentimita 1 iwe kilomita 1. Kilimanjaro (mita 5,895) unapata sm 5.9 juu ya usawa wa bahari. Mauna Loa ya Hawaii (mita 4,169) unapata sm 4.2 tu, lakini sehemu yake iliyo nchi kavu ina urefu wa kilomita 120 hivi, yaani sm 120 za karatasi, kwa mteremko wa nyuzi chache. Ni kama chapati iliyovimba kidogo. Olympus Mons ya sayari ya Mars: kimo sm 22, upana mita 6. Tafuta ukuta.

MASWALI

Mama Gredi Tano: Asante. Sasa magadi vijiko vingapi?
— Aya ya pili, mama.

Kijana wa Kisauni: Nikibana shingo ya chupa kwa kifuniko chenye tundu dogo si itaruka juu zaidi?
— Itaruka juu zaidi, ndiyo. Kifuniko kiwe na tundu la upana wa kalamu, kifungwe KABLA peremende hazijagusa soda, nazo zining'inie kwa uzi chini yake mpaka uziachie. Tundu la sindano hapana, hiyo ni bomu. Kama hujanielewa, acha wazi.

Mwanafunzi wa Likoni: Shikamoo mwalimu. Mwamba unayeyukaje mwanzo? Tuliambiwa chini ya ardhi kote ni moto wa majimaji.
— Marahaba mwanangu, swali zuri. Si majimaji. Chini ya ganda la dunia mwamba ni wa moto sana lakini mgumu, kwa sababu presha inaubana. Huyeyuka kwa njia tatu. Moja, presha ikipungua: ganda likitanuka na kuwa jembamba, kama kwenye Bonde la Ufa, mwamba wa chini hupanda na sehemu yake huyeyuka bila kuongezwa joto. Mbili, maji: bamba la bahari likizama chini ya jingine, hutoa maji yanayoshusha kiwango cha kuyeyuka, kama chumvi inavyoyeyusha barafu. Ndivyo ilivyo Indonesia na Andes. Tatu, mwamba wenye joto la ziada unaopanda kutoka ndani sana, kama Hawaii. Jiandikie swali moja kutokana na hayo, mwalimu wako atafurahi.

Bingwa wa Mtandao: Umekosea, volkano kubwa kuliko zote ni Tamu Massif, si Mauna Loa.
— Sikuandika "kubwa kuliko zote" popote, rudi usome. Tamu Massif, chini ya Pasifiki, ilitangazwa mwaka 2013 kuwa volkano moja. Mwaka 2019 vipimo vya sumaku vya sakafu ya bahari vikaonyesha kwamba ilijengwa na bahari iliyokuwa ikitanuka, si kwa shimo moja. Mwaka 2020 watafiti wakaitaja Pūhāhonu, pia ya ukanda wa Hawaii, yenye ujazo wa kilomita za ujazo 148,000 hivi, takriban mara mbili ya Mauna Loa. Lakini hiyo imekufa zamani. Kati ya zilizo hai, Mauna Loa, na ililipuka mara ya mwisho Novemba 2022. Kwa kimo juu ya bahari ni Ojos del Salado, mita 6,893, mpakani mwa Chile na Argentina. "Kubwa" kwa kipimo gani, ndilo swali.

Bi Mkubwa wa Tudor: Mimi nina jamaa Ngazija, huko Komoro. Na huo Karthala wao?
— Uko hai, bi, na ni wa ile aina ya chapati, mita 2,361. Ulilipuka mwaka 2005 na majivu yakachafua maji ya kunywa. Ndiyo maana matangi ya mvua huko yanafaa kufunikwa. Na upande wa Mayotte kulizaliwa mlima mpya chini ya bahari, ukagunduliwa Mei 2019, kimo karibu mita 800 kutoka sakafuni. Unaitwa Fani Maoré.

Mama Gredi Tano: Na hapa Mombasa kuna volkano?
— Kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe. Lakini vilima vya Jombo na Mrima huko Kwale ni mabaki ya magma ya enzi za dinosaria. Mrima ni kabonatiti (mwamba wa magma uliojaa kabonati), ukoo mmoja na Ol Doinyo Lengai ya Tanzania, ambayo lava yake ina sodiamu kabonati. Yaani magadi. Hutoka nyeusi kama mafuta machafu, kwa nyuzi 500 hadi 600 tu, kisha hugeuka nyeupe ikipata unyevu. Basi hayo ndiyo magadi yako, mama.

Fundi wa Majengo: Nyongeza. Jiwe la kusugulia visigino, lile la asili, litieni kwenye beseni. Linaelea.
— Ahsante fundi, nimelisahau. Hilo ni povu la lava lililoganda, matundu yote ni viputo vya gesi. Baada ya Krakatau ya Indonesia kulipuka mwaka 1883 mawe hayo yalielea Bahari ya Hindi kwa miezi mingi. Angalia lisiwe la kiwandani, mengine huzama.

Kijana wa Kisauni: Tundu la upana wa kalamu, wino au risasi?
— Wino, kaka. Na vaa miwani.