Kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kusoma, kuanzia masikioni

Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuimba "ba, be, bi, bo, bu" bila kukosea, akafungua kitabu na kuusema ukurasa mzima kwa sauti kubwa, na bado akawa hajui kusoma. Weka kidole chako kwenye neno moja katikati ya mstari na umuulize hapo pameandikwa nini. Kama anarudi mwanzo wa ukurasa ili afike hapo kwa kumbukumbu, anakariri. Mtoto huyu hupanda madarasa hivyohivyo mpaka maneno yazidi uwezo wa kumbukumbu yake, kisha watu wazima humwita mzembe, na hilo linaniuma kila ninapolisikia.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenzangu na wa mzazi anayetaka kusaidia nyumbani, na lengo lake ni moja: mtoto aweze kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kiswahili kinatupa nafasi nzuri, kwa sababu karibu kila herufi ina sauti yake moja na silabi nyingi huishia na irabu. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Watoto wa lugha ambazo maandishi hufuata sauti, kama Kifini, walisoma maneno kwa usahihi mkubwa kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza, na wale wa Kiingereza wakawa nyuma sana. Kiswahili hakikuwemo, ila kwa tahajia yake kiko upande wa Kifini. Kwa hiyo mwaka mmoja unatosha kwa watoto walio wengi, mradi tusiruke hatua.

Hatua ya 1: Fundisha masikio kabla ya macho

Majuma ya mwanzo usikimbilie kitabu. Mtoto hajui bado kwamba neno analolisema kila siku lina vipande ndani yake. Kwake "mama" ni mtu, basi. Anza na silabi kwa kupiga makofi: ma-ma, makofi mawili, ka-la-mu, matatu, m-to-to, matatu pia, kwa sababu "m" hiyo ya mwanzo inasimama peke yake. Silabi watoto huzishika haraka.

Kazi ngumu ni sauti mojamoja, maana mdomo hauzitoi kwa kuzitenganisha. Nenda polepole. Waulize kwanza, "Nani ana jina linaloanza na sss?" Wakizoea, geuza: wewe sema sauti zikiwa zimeachana kidogo, s-i-m-u, wao waseme ni neno gani. Mwisho kabisa wao ndio wavunje neno, wewe usikilize. Dakika kumi kwa siku zinatosha, na huhitaji chaki wala karatasi. Mzazi anaweza kuifanya njiani wakielekea shuleni. Usiiache hatua hii hata herufi zikishaanza, kwa sababu mtoto ambaye hasikii kwamba "sa" ina vipande viwili hataelewa kwa nini tunaiandika kwa herufi mbili.

Hatua ya 2: Fundisha sauti ya herufi, jina lake lingoje

Herufi m iitwe kwa sauti yake, mmm, midomo ikiwa imefungwa. Mtoto aliyefundishwa kwamba hii ni "em" au "mu" akikutana na m na a pamoja atasoma "ema" au "mua", na hana kosa, amesoma alichofundishwa. Alfabeti ya kuimba a, b, ch, d itamfaa baadaye, siku atakapotafuta neno kwenye kamusi.

Mimi huanza na a, i, m na l. Sauti za m na l zinaweza kuvutwa kadiri pumzi inavyoruhusu, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtoto anayejifunza kuziunga. Baada ya hapo huja u, s, n, o, e, halafu t, k na nyingine ambazo hukatika zikitamkwa. Zitenganishe b na d kwa majuma kadhaa. Umbo lao ni moja lililogeuzwa, na zikiingia pamoja, mtoto atazichanganya mwaka mzima. Anza na herufi ndogo, kwa sababu ndizo zinazojaza kitabu. Habari ya q na x achana nayo, Kiswahili hakizitumii, na c haiji bila h.

Hatua ya 3: Mwonyeshe namna ya kuunga

Hapa ndipo watoto wengi hukwama, na ndipo penye thamani ya kutumia muda wako. Mtoto anajua m, anajua a, ukimwekea "ma" anasema "m... a..." na kukutazama. Kinachomshinda ni lile pengo kati ya sauti mbili. Basi usiliache. Weka kidole chini ya m, vuta mmmm, telezesha kidole hadi a bila kukata pumzi: mmmmaaaa. Rudia kwa kasi zaidi, kisha zaidi, mpaka itoke "ma". Halafu fanyeni pamoja, halafu afanye peke yake nawe ukiwa kimya. Huo ukimya ni mgumu kwa mwalimu, lakini ukimtajia jibu kila anapositasita atajifunza kusubiri.

Kwa herufi nne tu, a, i, m na l, mtoto anaweza kusoma "mama", "mali", "lala", "lima". Anaweza kusoma sentensi nzima: mama alilala. Mama alilima. Mpe sentensi hizo katika majuma yaleyale anayojifunza herufi hizo. Nimewaona watoto wakitazama juu kwa mshangao walipotambua kwamba maandishi yamewaambia jambo. Hakuna zawadi unayoweza kumpa inayozidi hiyo.

Chati ya silabi ina kazi yake, ila isiimbwe kwa mpangilio uleule kila siku. Masikio hushika wimbo, na macho hayafanyi kazi. Gusa li, kisha ma, kisha mi, ruka juu na chini.

Hatua ya 4: Pima kama anasoma kweli

Fanya hivi mara moja kwa juma, bila kumtisha mtoto. Andika maneno yasiyo na maana kwa herufi anazozijua: nemu, sakilo, tumeli. Mwambie wazi kwamba ni maneno ya kubuni. Akiyasoma, ujue ameshika njia. Akibadilisha "nemu" kuwa "nyumba", anabahatisha kwa herufi ya mwanzo, mrudishe hatua ya 3. Njia nyingine ni kufunika picha kwenye kitabu. Picha husaidia kuelewa hadithi, ila mtoto mwerevu huitumia kukwepa maandishi, na watoto werevu ndio huchelewa kugunduliwa.

Hatua ya 5: Aandike kila anachosoma

Kuandika kunamlazimu mtoto asikie kila sauti, hakuna pa kujificha. Kabla ya penseli, achore herufi hewani kwa mkono mzima, au kwa kidole juu ya mchanga, akiitamka sauti yake. Angalia anaanzia wapi: herufi nyingi huanza juu kushuka chini, na mazoea mabaya ya mkono huwa magumu kuyang'oa.

Kisha toa imla fupi, maneno matatu au manne. Usikimbilie kutia alama ya kosa. Soma alichoandika kama kilivyo, ukionyesha herufi moja baada ya nyingine, umwache asikie mwenyewe. Aliyeandika "mpila" amesikiliza. Huenda nyumbani kwao l na r hazitofautishwi. Mpe jozi kama kula na kura, mtamke pamoja, atazame mdomo wako. Aliyeandika "mpa" kwa "mpira" ana tatizo jingine, anaacha sauti katikati, na dawa yake ni makofi ya hatua ya 1. Mwaka 2003 Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha kazi kuhusu makosa ya tahajia ya watoto wanaojifunza kuandika Kiswahili, wakaonyesha kwamba hata lugha inayoandikwa kwa utaratibu kama hii si kazi rahisi kwa mtoto.

Hatua ya 6: Sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili

Sh, ch, ny, th, dh, gh na ng' zifundishwe kama kitu kimoja, kadi moja kwa kila sauti, kamwe si s ukijumlisha h. Ng' na ng huchanganya, hivyo weka ng'ombe na ngoma ubaoni bega kwa bega na uwaonyeshe ritifaa, ile alama ya ' , inafanya nini. Silabi mwambatano kama mba, nda, kwa na vya zije mwisho, moja moja, baada ya silabi za kawaida kuwa nyepesi mdomoni.

Hatua ya 7: Maneno marefu

Hili vitabu vingi hulipita juujuu, nami naliona ndilo linalotenganisha anayesoma na anayejikongoja. Neno moja la Kiswahili laweza kubeba sentensi nzima. "Watakaporudi" lina silabi sita. Mtoto anayesoma silabi moja moja akifika "di" ameshasahau "wa", na maana imempotea. Hajashindwa kusoma, ameelemewa na mzigo wa kukumbuka.

Mfundishe kuona viungo vya neno. Andika "cheza". Ongeza mbele: anacheza, wanacheza, tunacheza. Wacha ana-, wana- na tuna- zikae mstari mmoja wima ili macho yazishike. Badilisha shina: anasoma, wanasoma, tunasoma. Kisha wakati: alisoma, atasoma, amesoma. Mtoto hahitaji kusikia habari za viambishi. Anahitaji kukutana na "wana" mara nyingi mpaka alione kwa mkupuo kama alionavyo jina lake. Fanya hivi kila siku katika nusu ya pili ya mwaka. Kisha asome kifungu kifupi kilekile mara tatu au nne kwa siku tofauti, mara ya mwisho kwa sauti ya mtu anayezungumza. Kurudia huku kuje baada ya kusoma kweli kupatikana, la sivyo tunarudi kwenye kukariri.

Hatua ya 8: Maana, tangu siku ya kwanza

Nimeiweka mwisho kwa sababu haina zamu yake, huenda sambamba na zote. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kwa ufahamu kuwa ni zao la mambo mawili yanayozidishana, kutambua maneno na kuielewa lugha yenyewe. Moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri. Ndiyo maana mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao ni nyingine anaweza kutamka ukurasa vizuri na asielewe kitu. Msomee hadithi kila siku, ngumu kuliko anazoweza kusoma mwenyewe. Simama katikati, uliza, "Unadhani atafanya nini sasa?" Neno jipya alitumie mdomoni kwanza, kwenye sentensi yake, kabla ya kuliona ubaoni.

Kuhusu muda, dakika 15 kila siku hushinda saa mbili za Jumamosi. Anza na ya jana na ya juma lililopita, bila kumwonyesha jibu kabla, kisha ongeza jambo moja jipya.

Ikifika katikati ya mwaka na mtoto bado hawezi kuunga "ma", usimwongezee kurasa. Kwanza hakikisha anasikia na anaona: simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini, kisha uangalie kama anaisogelea karatasi au kukunja macho. Ukiwa na shaka, apelekwe kupimwa. Vikiwa salama, pita naye kila hatua kuanzia ya 1, ukitafuta ile ambayo anaanza kusitasita. Anzia hapo, wewe na yeye peke yenu, mbali na wenzake wanaoweza kumcheka.