Kabla ya Kuwekewa Nyonga Yenye Upako

Mama alipoambiwa gegedu ya nyonga yake imelika na nyonga itabadilishwa, sisi watoto tulikimbilia jambo moja tu: pesa. Tulichanga, tukafuatilia SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, itagharamia kiasi gani, tukaona tumemaliza. Swali la chuma gani kitawekwa, na kitashikanaje na mfupa, tulilikumbuka usiku wa kuamkia upasuaji. Nisingependa familia nyingine ichelewe hivyo.

Muulize daktari wa mifupa mapema kama nyonga itashikwa kwa saruji au la. Saruji hiyo ni aina ya plastiki inayokauka ndani ya dakika chache na kukamata chuma siku ileile. Bila saruji, shina la titani hupigiliwa ndani ya mfupa wa paja mpaka libane, halafu kazi iliyobaki ni ya mfupa wenyewe: ukue na kulikumbatia. Upako una kazi yake hapo. Mara nyingi huwa ni haidroksiapatiti, madini ya kalsiamu na fosfeti yaleyale yanayoupa mfupa wetu ugumu, yaliyorushwa juu ya chuma kwa plazima, yaani gesi yenye joto kali mno, yakawa tabaka lisilofikia robo ya milimita. Hata titani isiyo na upako hushikana na mfupa. Mtafiti Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aligundua hilo alipokuwa akichunguza sungura miaka ya 1950. Upako, ambao umetumika kwenye nyonga tangu miaka ya 1980, huharakisha muungano huo na kuutia nguvu.

Lakini usiudai kwa sababu tu umesikia ni wa kisasa. Mzee ambaye mifupa yake imekonda mara nyingi hufaidika zaidi na saruji, maana kupigilia shina kwenye mfupa mwembamba kunaweza kuupasua. Naye kijana wa boda boda aliyewekewa bamba na skrubu zitakazotolewa baadaye hahitaji chuma kilichoota mizizi mwilini. Kukitoa kutakuwa taabu. Pini za fremu ya nje, ile inayoshikilia mfupa uliovunjika kutoka nje ya ngozi, ni habari nyingine: zikiwa na upako, hazilegei upesi.

Kitu nilichojifunza kwa uchungu zaidi ni utulivu wa chuma. Kila unapokanyaga, shina linaweza kuchezacheza kidogo sana. Mchezo huo ukizidi takriban milimita 0.15, mwili hauweki mfupa mahali pale, huweka utando laini wa nyuzinyuzi kama kovu, na chuma hubaki kimelegea hata kiwe na upako mzuri namna gani. Kwa hiyo uliza kabla: nitakanyaga kwa uzito wote lini? Wapo wanaoruhusiwa kesho yake, wapo wanaoambiwa wiki sita, kutegemea mfupa ulivyobana. Nunua magongo mapema na ujizoeze kuyatumia ukiwa bado una nguvu. Mama yetu alikuwa akikaa ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Ilitubidi tumhamishie kwa dada yangu huko Kayole, Nairobi, chumba cha chini, na hilo lingepangwa mwezi mzima kabla. Choo cha kuchuchumaa nacho ni hatari, ingawa kwa sababu nyingine: nyonga mpya ikikunjwa kupita kiasi inaweza kuchomoka. Tafuta kiti cha choo cha kuinuliwa. Matatu yenye ngazi ndefu iepuke wiki za mwanzo.

Kisha kuna vijidudu. Uso wa chuma ni kama kiwanja kitupu: seli za mfupa na bakteria hukigombania, na anayewahi ndiye mwenye kiwanja. Bakteria wakitangulia hujifunika utando ambao dawa hupenya kwa shida, na wakati mwingine chuma chote hulazimika kutolewa. Hivyo jino bovu litibiwe kabla, vidonda vya ngozi vipone, na mwenye kisukari ashushe sukari yake hata kama itabidi tarehe isogezwe. Ukiona tarehe imesogezwa kwa sababu hiyo, usikasirike. Daktari huyo anakulinda. Sigara iachwe angalau wiki nne kabla, kwa kuwa hupunguza damu inayofika kwenye mfupa unaojaribu kukua. Dawa zote unazomeza, pamoja na za mitishamba, zitaje.

Jambo la mwisho ni dogo na karibu kila mtu hulisahau. Kila kipande kinachowekwa huja na stika yenye jina la mtengenezaji, saizi na namba ya toleo. Omba stika hizo zibandikwe pia kwenye karatasi yako ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, uzipige picha kwa simu. Za Mama zimebandikwa ndani ya jalada la kitabu chake cha kliniki, ili hata akianguka akiwa kijijini, daktari atakayempokea ajue anakutana na chuma gani.